Basi Lililokataa Kugawanywa

Wapiganaji wa al-Shabaab walipolivamia basi la abiria karibu na El Wak, kaunti ya Mandera, Desemba 21, 2015, walitaka jambo moja: Waislamu wakae huku, wasio Waislamu kule. Abiria wakakataa. Wanawake Waislamu waliwapa wenzao hijabu ili wasitambulike, na wenye bunduki wakaambiwa wawaue wote au wawaache wote.

Abiria walijua hatari ya kukataa. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilitekwa, wasio Waislamu wakatengwa, na watu 28 wakauawa. Walimu walikuwa miongoni mwao.

Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Mandera aliyekuwa kwenye basi la 2015, alikuwa Mwislamu. Angeweza kujitenga akasalimika. Hakujitenga, akapigwa risasi, na Januari 2016 akafariki Nairobi. Akiwa kitandani hospitalini aliwaambia waandishi wa habari kwamba watu ni ndugu, wanatofautiana dini tu, na wanapaswa kuishi pamoja kwa amani.

Kisa hiki husimuliwa kama muujiza, na kukisimulia hivyo ni kuwapunja abiria wale. Hakuna anayejifunza utu katika dakika chache huku ameelekezewa bunduki. Wanawake waliotoa hijabu zao hawakuwa na imani ya msikitini na nyingine ya safarini. Ilikuwa moja, nayo iliwatosha hata wasafiri wasioijua.

Serikali ilimpa Farah nishani baada ya kifo chake, na filamu ya Watu Wote, iliyotokana na tukio hilo, ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Heshima hizo alizistahili. Lakini swali la wavamizi wale, wewe ni wa upande gani, Kenya ililisikia pia kwenye vizuizi vya barabarani mwanzoni mwa 2008, vijana walipokagua vitambulisho kutafuta kabila. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika ghasia zile za baada ya uchaguzi. Hata leo wapo wenye nyumba wanaouliza jina la ukoo kabla ya kutaja kodi, kisha Jumapili au Ijumaa wakaketi safu ya mbele.

Shule za Mandera nazo zilibaki na upungufu mkubwa, kwa kuwa walimu wengi wa kaunti nyingine waliondoka baada ya mashambulizi. Kumuenzi Farah kwa dhati kungeanzia hapo: serikali iilinde barabara ya kwenda Mandera, na mwalimu anayeshuka Mandera, awe wa dini yoyote, apate wenyeji wa kumpokea.