Meza Kabla ya Nauli



Familia zinazozuru Misri hupenda kupanda meli ndogo za kitalii za Mto Nile, kati ya Luxor na Aswan. Safari huchukua siku 3 au 4, na chakula aghalabu kimo ndani ya nauli. Lakini wachache huuliza: tutaketi wapi, na pamoja na nani?

Ukumbi wa chakula huwa mmoja. Mara nyingi abiria huonyeshwa meza siku ya kwanza, nayo huwa yao hadi kushuka. Katika dahabiya, jahazi la vyumba vichache, huenda wote wakaandaliwa meza moja.

Qur'ani, Sura An-Nur aya ya 61, imetujuzia kula pamoja au mbalimbali. Basi kuketi na wageni si taabu. Taabu ni pombe, ambayo huuzwa katika nyingi ya meli hizi, na Mtume (S.A.W.) ametukataza kuketi kwenye meza inayopitishwa pombe. Watoto wetu nao hujifunza kwa macho kabla ya masikio.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, ombeni meza ya familia peke yake. Mkikuta mambo sivyo, mwambieni msimamizi wa ukumbi usiku huo huo wa kwanza, kwa upole, kabla kila mtu hajazoea kiti chake. Haya ya dakika moja ni nyepesi kuliko dhiki ya siku nne.

Mwenyezi Mungu atubarikie riziki zetu na safari zetu. Amin.