Mwanga Uliopuuzwa kwa Miaka 34

Mwaka 1956, katika maabara za Bell huko Marekani, Arthur Uhlir na mkewe Ingeborg walijaribu kulainisha vipande vya silikoni kwa umeme na asidi ya hidrofloriki. Walitaka uso unaong'aa; wakapata utando wenye rangi wasizozitazamia. Jambo hilo liliandikwa, kisha likawekwa kando, maana silo lililokuwa likitafutwa.

Ilipita miaka 34. Mwaka 1990 Leigh Canham, mtafiti katika maabara ya serikali ya Uingereza huko Malvern, alionyesha kwamba silikoni iliyotobolewa na asidi kwa namna hiyo hutoa mwanga mwekundu inapomulikwa. Walimu wa fizikia wataelewa mshangao uliotokea. Silikoni ndiyo moyo wa vyombo vya elektroniki, lakini katika suala la mwanga ilihesabiwa kuwa bure kabisa, kwani nishati ya elektroni zake karibu yote hupotea kuwa joto. Asidi ilipoila, ilibakiza nyuzi zenye unene wa nanomita chache tu, yaani sehemu chache za milioni ya milimita. Na elektroni zilizobanwa mahali pembamba kiasi hicho hazifuati tena mwenendo wa kawaida.

Mwaka huo huo wa 1990, Jeremy Burroughes, Richard Friend na wenzao wa Cambridge walitangaza kwamba aina moja ya plastiki hutoa mwanga wa kijani na manjano inapopitishwa umeme. Plastiki hiyo nayo ina ukoo wa makosa. Huko Japani mwaka 1967, katika maabara alimofanya kazi Hideki Shirakawa, kichocheo kilitiwa mara elfu moja zaidi ya kipimo, ikapatikana ngozi yenye kumeta kama fedha. Shirakawa hakuitupa. Mwaka 1977 yeye, Alan MacDiarmid na Alan Heeger wakaonyesha kwamba plastiki ya jamii hiyo yaweza kupitisha umeme, na mwaka 2000 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Basi afisa mwenye faili la maombi ya fedha za utafiti angeandika nini pembeni mwaka 1956? Bila shaka angeuliza utando huo utaleta faida gani, na kwa lini. Swali hilo ni halali, kwa kuwa fedha ni za umma. Kosa ni kulifanya kuwa swali pekee, na kuifunga maabara kwa sababu jibu halijapatikana katika mwaka mmoja wa bajeti. (Walimu nao wajiulize ni mara ngapi jaribio la mwanafunzi limefutwa kwa wino mwekundu kabla ya kuulizwa limekwendaje.)

Wala isidhaniwe kwamba kila mwanga huzaa taa. Plastiki ya Cambridge ilizaa kampuni mwaka 1992, ambayo mwaka 2007 ilinunuliwa na Sumitomo Chemical ya Japani. Silikoni ya Malvern haikuwa taa: ilitoa mwanga hafifu ilipotiwa umeme, na hewa iliiharibu. Canham mwenyewe aligundua baadaye kwamba huyeyuka mwilini bila madhara, akaielekeza kwenye utafiti wa dawa.