KOILI YA TESLA ISIJENGWE KWA SIRI

Jambo lenyewe ni hili: hapa Voi, kutoka Sofia hadi Mwakingali, wapo wanafunzi wenzetu wanaounda koili ya Tesla vyumbani mwao. Hufanya kazi hiyo usiku, mlango umefungwa, na mzazi akiuliza huambiwa eti ni redio inatengenezwa. Baadhi ya wakubwa wakigundua husema dawa ni kupiga marufuku. Mimi napinga. Dawa ni koili hiyo iletwe maabarani, mchana, mwalimu akiwapo.

Siku hizi ukitaja Tesla, wengi hudhani unazungumzia gari. Nikola Tesla alikuwa mtu, tena fundi hasa. Alizaliwa mwaka wa 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kimo katika nchi ya Kroatia, akahamia Marekani mwaka wa 1884. Koili hii aliibuni mwaka wa 1891. Alifariki mwaka wa 1943, naye alikuwa na ndoto ya kupeleka stima mbali bila nyaya. Ndoto hiyo haikutimia jinsi alivyotaka, lakini kazi yake kuhusu koili zinazopatana ilisaidia kufungua njia ya redio.

Koili yenyewe si uchawi. Kuna koili ya kwanza, yenye mizunguko michache ya waya mnene, na koili ya pili, yenye mamia ya mizunguko ya waya mwembamba. Katika zile kubwa, kapasita hujazwa umeme, kisha humwaga wote kwa ghafla kupitia mwanya ambamo cheche huruka. Sisi wa Taita Taveta tunamjua ndugu wa mtambo huu. Zaidi ya nusu ya kaunti yetu ni mbuga za Tsavo, na nyua za umeme za kuzuia ndovu si jambo geni kwetu. Ndani ya kile kisanduku cha ua mna kapasita inayojaa na kumwaga, karibu mara moja kila sekunde, na transfoma inayopandisha umeme hadi maelfu ya volti. Pigo hilo ni fupi mno, kwa hivyo ndovu hushtuka akaondoka bila kufa.

Tofauti kubwa ni kwamba koili ya Tesla hutaka mapatano. Wewe uliyewahi kushuka kusukuma matatu iliyokwama matopeni kule milimani utanielewa upesi. Watu kumi wakisukuma ovyo, kila mmoja kwa wakati wake, gari halitoki. Lakini mkiliacha lirudi nyuma kidogo, mkasukuma, likarudi, mkasukuma tena kwa kufuata mwendo wake lenyewe, litatoka hata mkiwa wanne. Koili ya pili nayo ina mwendo wake wa asili. Koili ya kwanza ikiufuata, volti hupanda na kupanda. Isipoufuata, umeme mwingi hupotea bure. Kutafuta mapatano hayo ndiko kutyuni, kama unavyotafuta stesheni kwenye redio.

Hapa ndipo ninapoona hatari ya kujenga kwa siri. Kijana aliye peke yake chumbani hana kipimo chochote. Cheche ikiwa fupi, hajui kwamba koili zake hazipatani. Hudhani nguvu haitoshi, basi huongeza nguvu. Hung'oa transfoma ya maikrowevu mbovu na kuichomeka kwenye soketi ya volti 240. Transfoma hiyo hutoa takriban volti 2,000, tena kwa mkondo mkubwa unaoweza kuua mtu mara moja. Hata ukizima swichi, kapasita huweza kubaki imejaa, ikikungoja uiguse. Wapo wanaosema eti umeme wa koili hauumizi kwa kuwa una kasi sana. Hayo ni maneno ya kupotosha. Umeme huo huunguza nyama, na ule wa upande wa transfoma hauna msamaha hata kidogo. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Sasa tazameni ilivyo rahisi kuanza kwa usalama. Chukua bomba la plastiki lenye upana wa sentimita 5. Waombe mafundi wanaofunga mota upya wakuuzie waya mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi. Mizunguko 700 itakula waya wa mita 110 hivi, na koili itakuwa na urefu wa sentimita 23 hivi. Iendeshe kwa transista moja, rezista moja na betri ya volti 9. Hakuna cheche za kutisha hapo, lakini taa ndogo ya tyubu ikisogezwa karibu itang'aa bila kuunganishwa na waya wowote. Sheria ni kutogusa ncha ya juu, kwa maana huunguza ngozi, na kuweka simu mbali.

Koili ya kadiri hiyo, ikivikwa kopo dogo juu, huenda mizunguko kama 800,000 kwa sekunde. Stima ya nyumbani huenda 50 tu. Masafa hayo yamo katika mawimbi ya kati ya redio, kwa hivyo redio ya jirani inaweza kuvurugika. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoiwasha usiku kucha pembeni mwa ukuta wa watu.

Na kutyuni je? Hapo maabara inashinda chumba cha kulala. Tukiwa na jenereta ya mawimbi na oskiloskopu, tunaipa koili ya kwanza mawimbi hafifu yasiyomdhuru mtu, kisha tunazungusha kitufe polepole. Mstari kwenye kioo huwa mdogo, mdogo, halafu mahali pamoja huruka juu. Ukipita hapo, hushuka tena. Weka kopo juu ya koili, na kile kilele huhamia chini. Sogeza mkono wako karibu, nacho husogea tena. Mwanafunzi aliyeona hivyo kwa macho yake hatakimbilia transfoma. Atajua kwamba kazi ni kupatanisha, wala si kulazimisha.

Najua yatakayosemwa. Kwanza, kwamba haya hayaulizwi kwenye mtihani. Lakini koili, transfoma na kapasita zote tunazisoma, na hapa zinafanya kazi pamoja mbele yetu. Pili, kwamba wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Mimi siungi mkono kumpa na kumwacha. Keti naye, umwonyeshe panapokata. Ukimnyang'anya tu, ataokota mwingine jalalani, tena wenye kutu.

Mtauliza pia, haya ya fizikia yanakihusu nini Chama cha Kiswahili? Yanakihusu sana. Mzazi ambaye hajui neno la Kiingereza la kitu kilicho chumbani mwa mwanawe hawezi kumwonya. Fundi wa mota naye anajua waya kuliko sisi, lakini hatukai naye tukaelezana. Tukiyasema haya kwa Kiswahili, nyumba nzima itajua kipi ni salama na kipi kinaua.

Basi naomba hivi. Klabu ya Sayansi na chama chetu tupewe maabara Jumamosi alasiri, mara mbili kwa muhula. Mwalimu awepo. Betri tu, soketi ya ukutani isiguswe. Wasichana washike waya sawa na wavulana, wasiachiwe kuandika ripoti peke yake. Mwisho wa mwaka, siku ya wazazi, tuiwashe ile tyubu mbele yao na tuwaeleze kwa lugha wanayoisikia.

Shime, wenzangu. Mwenye transfoma ya maikrowevu chini ya kitanda, aichukue kesho amkabidhi mwalimu wa fizikia. Nami nawaomba walimu: atakayeileta, msimwadhibu.