Kuzima intaneti kusiwe amri isiyo na tarehe ya mwisho

Desemba 31, 2018, siku moja baada ya Wakongo kupiga kura ya kumchagua rais, serikali mjini Kinshasa ilizima intaneti na ujumbe mfupi wa simu, ikisema inalinda utulivu. Intaneti ilirejea Januari 19, 2019, saa chache kabla ya Mahakama ya Katiba kuthibitisha ushindi wa Félix Tshisekedi.

Kazi hiyo haihitaji kukata waya. Mafundi wa kampuni za simu hupokea amri, kisha hubadilisha mipangilio kwenye mitambo yao. Swali ni namna mipangilio hiyo inavyoandikwa.

Kwenye seva za Linux, fundi anaweza kusimamisha huduma kwa muda tu. Mashine ikiwashwa upya, huduma hurudi yenyewe. Lakini akiiondoa kwenye mafaili yanayoitaja miongoni mwa huduma za kuanza na mashine, haitaanza tena mpaka mtu airudishe.

Uganda ilionyesha tofauti hiyo. Intaneti iliyozimwa mkesha wa uchaguzi wa Januari 14, 2021 ilirudi baada ya siku chache. Facebook, iliyofungiwa siku hizo hizo, iliendelea kufungiwa kwa miaka.

Nchini Kongo, sheria ya mawasiliano ya mwaka 2002, iliyokuwa ikitumika wakati huo, iliiruhusu serikali kuzuia huduma zote au sehemu yake, kwa muda inaoupanga yenyewe. Kwa hiyo kuzima huduma moja tu, kwa siku zinazojulikana, kuliwezekana. Mwaka 2018 huduma zilizimwa nchi nzima.

Uamuzi kama huo haupitishwi Lusangi, Kasongo wala Kabambare. Lakini huko kusini mwa Maniema, ambako barabara ni mbovu na safari ya Kindu ni ndefu, simu ndiyo njia ya haraka ya kujua hali ya mgonjwa, bei ya bidhaa au matokeo ya kura.

Fundi mwangalifu huandika kila badiliko: nani amelifanya, lini, kwa nini na litaondolewa lini. Amri ya serikali inastahili masharti hayo hayo, na itangazwe hadharani. Uchaguzi mkuu ujao unatarajiwa 2028. Muda wa kuyaandika masharti hayo ni sasa, kabla ya kampeni kuanza.