Miaka 70 ya Kanisa la Mashahidi

Ukitoka Nanyuki kwa matatu, ukaipita Karatina na kufika Sagana, barabara kuu inashika njia ya Thika. Safari hii iache iende. Kata kulia, upande wa Murang'a. Mjini humo limo kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, ambalo jiwe lake la msingi limetimiza miaka 70. Tahariri hii ni ya kulipongeza.

Jiwe hilo liliwekwa Mei 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher. Siku chache kabla, huko Namirembe, Uganda, alikuwa amewaweka wakfu Obadiah Kariuki na Festo Olang', Waafrika wa kwanza kutoka Kenya kuwa maaskofu katika Kanisa la Kianglikana. Obadiah na Jomo Kenyatta walikuwa wameoa mabinti wa mzee mmoja, Chifu Koinange wa Mbiyu. Basi mmoja alikuwa anavikwa joho la uaskofu na mwenzake yuko gerezani Lokitaung.

Ndivyo zama zilivyokuwa. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952, kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Huko Murang'a, ambako Waingereza walikuita Fort Hall, watu walikuwa wamebomolewa nyumba zao na kusongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Mtu aliliona shamba la babake kwa mbali, na ilimbidi aombe ruhusa kulifikia.

Mashahidi wanaotajwa katika jina la kanisa ni Wakristo waliouawa miaka hiyo, wengi wao watu wa Uamsho, vuguvugu la kiroho la Afrika Mashariki. Walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengine wakaikataa pia bunduki ya serikali. Walisema aliyekwisha kukinywea kikombe cha Bwana hana kiapo kingine cha kula wala jirani wa kumpiga risasi. Twajua jina hili si jepesi kutamkwa Murang'a. Serikali ya kikoloni iliwanyonga watu zaidi ya 1,000 katika vita hivyo, na mama aliyempoteza mwana msituni aliishi kijiji kimoja na mjane wa aliyekataa kiapo. Kanisa la ukumbusho wa upande mmoja lingeweza kuwa donda la kudumu.

Kwa maoni yetu, kilicholiokoa na hilo ni kuta zake. Mwaka 1959 Elimo Njau, kijana mchoraji mzaliwa wa Marangu chini ya Kilimanjaro aliyesomea sanaa Makerere, alikamilisha humo michoro mitano mikubwa: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, Karamu ya Mwisho, maombi ya Gethsemane na msalaba. Yesu wake ni mweusi. Amezaliwa katika boma la Kigikuyu, na vilima vilivyo nyuma yake ni vile vile ambavyo waumini walivipanda na kuvishuka asubuhi wakija ibadani.

Leo jambo hilo halimshtui mtu. Wakati ule picha za Yesu zilizotundikwa makanisani zilikuwa za mzungu mwenye nywele za dhahabu, na nchi ilikuwa bado miaka minne kabla ya uhuru. Fikiria mtu wa Murang'a akisimama mbele ya Gethsemane ile. Nani angemweleza maana ya kukamatwa usiku? Alimjua gakunia, yule msaliti aliyevikwa gunia kutoka kichwani, limetobolewa matundu mawili ya macho, akipitishwa mbele ya watu waliopangwa mstari huku akiwatikisia kichwa mmoja mmoja. Busu la Yuda alikuwa ameliona kwa macho yake. Na mbele ya mchoro huo, mama wa mpiganaji na mjane wa shahidi waliweza kulia pamoja.

Njau baadaye, mwaka 1965, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa jijini Nairobi, jumba la sanaa ambalo jina lake ni la swala anayepaa. Wapenzi wa sanaa wanamjua kwa hilo. Sisi tunadhani kazi yake ya Murang'a inastahili sifa kubwa zaidi.

Kila mwaka maskauti kutoka pande zote za dunia huja Nyeri kulizuru kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, na ni vyema waje. Lakini Murang'a si mbali na hapo, na ni wachache mno wanaoelekezwa huko, hata watoto wa shule zetu wenyewe.

Tunawaomba waumini na serikali ya kaunti wailinde michoro hii na unyevu, moshi na brashi ya fundi asiyeijua thamani yake. Mkono wa kuirekebisha uwe wa mtaalamu tu. Walimu wa Nanyuki, Nyeri na Karatina, wapelekeni wanafunzi. Nawe msomaji, mwaka huu wa sherehe usiishe hujafika. Ukifika, anza na Gethsemane.