Mtihani wa Ujasiriamali Uhamie Sokoni

Muhula unapokaribia kwisha, steshenari zilizo jirani na vyuo vyetu hujaa. Wanafunzi wamekuja kuchapa na kubaindi andiko la biashara la somo la ujasiriamali: nailoni mbele, kadi ngumu nyuma, jina la mwalimu kwa herufi kubwa. Ndani mna muhtasari, uchambuzi wa soko na jedwali la mapato ya miaka mitatu. Lisome jedwali hilo kwa makini. Mauzo yanapanda mwaka hadi mwaka. Hakuna mwezi wa hasara, hakuna mteja aliyekopa akahama mtaa, hakuna mashine iliyoungua umeme ulipokatika na kurudi ghafla. Mwalimu ana maandiko zaidi ya mia ya kusahihisha. Anaangalia kama vipengele vyote vipo, anaweka alama, anahamia jingine. Mwanafunzi anapata B yake bila kumwuliza binadamu hata mmoja kama angetoa fedha mfukoni kununua kitu hicho.

Toleo hili tumelitenga kwa mafunzo ya ujasiriamali na ubunifu chuoni, na tunaegemea upande mmoja waziwazi. Tunataka vyuo vyetu viwe na cheti kinachosomwa sambamba na shahada. Hatuzungumzii astashahada anayosoma kijana akitoka kidato cha nne. Tunazungumzia kozi chache anazochukua mwanafunzi wa uuguzi, kilimo, uhandisi au muziki huku akibaki kwenye fani yake, akahitimu na shahada yake na cheti juu yake. Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, Marekani, kina cheti cha namna hiyo. Hapa nyumbani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo chake cha ubunifu na ujasiriamali, UDIEC, kwa hiyo hatuanzi na mikono mitupu.

Kwa nini cheti cha pembeni, wakati mtu anaweza kusoma shahada nzima ya ujasiriamali? Kwa sababu anayeuza lazima awe na cha kuuza. Angalia semina zetu za mitaani. Siku ya kwanza ni hotuba ya mgeni rasmi, ya pili ni sabuni ya maji: salfoniki, slesi, soda ash, chumvi, rangi, pafyumu, ndoo moja na mti wa kukorogea. Washiriki wanatoka wakijua kutengeneza sabuni ileile, kwa kanuni ileile, na kuipeleka mtaa uleule katika chupa za maji zilizookotwa. Sabuni hiyo imesomesha watoto wengi na hatuidharau hata kidogo. Lakini mwanafunzi aliyekaa maabara ya kemia miaka mitatu anapaswa kuja na swali zaidi ya ukorogaji. Kwa nini inakuwa nyepesi kama maji ikikaa juani? Kwa nini mama lishe anayeosha vyombo kutwa nzima analalamika kwamba inamchubua mikono? Kipimo cha uchachu na ukali wa sabuni mwanafunzi huyo anakijua tangu mwaka wa kwanza. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba kipimo hicho ndicho biashara yenyewe, kwamba kitamsaidia atakapofuata barua ya utambulisho kwa shirika la viwanda vidogo, SIDO, na baadaye alama ya ubora kwa shirika la viwango, TBS.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Arusha. Dkt. Askwar Hilonga alirudi kutoka masomoni Korea Kusini akafundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela. Ukanda ule maji yana floraidi nyingi. Meno ya kahawia ya watoto yanajieleza. Yeye akaunganisha mchujo wa mchanga, ambao ni wa zamani sana, na chembechembe za nano zinazoweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na taasisi ya wahandisi ya Uingereza, Royal Academy of Engineering, yenye pauni 25,000. Habari za tuzo hiyo tumezisoma sana. Kisichosimuliwa vya kutosha ni kilichofuata: familia nyingi zenye shida ya maji hazikuwa na uwezo wa kununua chujio zima. Njia iliyopatikana ni kuweka chujio kwenye vituo, watu wakawa wananunua maji yaliyochujwa kwa kadiri ya ndoo zao, na mwendesha kituo akapata riziki yake. Chujio lilitoka maabara. Uamuzi wa kuuza maji badala ya kuuza chujio ulihitaji kuujua mfuko wa jirani, na sijaona shahada ya kemia yenye somo hilo. Hapo ndipo cheti kina kazi.

Sasa, je, mambo haya yanafundishika? Kuna tafiti mbili ambazo kila anayeandika mtaala angezisoma kabla ya kushika kalamu. Ya kwanza ni ya Uholanzi, iliyochapishwa 2010. Wanafunzi wa chuo walipitishwa kwenye programu ya lazima ya kuendesha kampuni ndogo, wakalinganishwa na wenzao wasiopitia. Ujuzi wao haukuongezeka kwa kiasi cha kuonekana, na hamu yao ya kuwa wajasiriamali ilipungua. Watafiti wenyewe walidokeza kwamba huenda vijana wale walipata picha ya kweli zaidi ya kazi hiyo. Mimi naona kumwonyesha mtu mapema kwamba biashara si njia yake ni huduma nzuri, ila sababu hiyohiyo inanifanya nipinge cheti hiki kulazimishwa kwa kila mtu.

Ya pili ni ya Togo. Huko Lomé, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilifundishwa mambo tuliyozoea: hesabu, masoko, usimamizi wa fedha. Jingine lilifundishwa kuanza jambo bila kusubiri kuambiwa, kutazama mbele, kung'ang'ania panapokwama. La tatu halikufundishwa. Matokeo yalichapishwa 2017 katika jarida la Science: faida ya kundi la pili ilipanda kwa asilimia 30 ukilinganisha na wasiofundishwa, huku ongezeko la kundi la kwanza, asilimia 11, likiwa dogo kiasi kwamba kitakwimu lingeweza kuwa bahati tu. Wale walikuwa tayari na biashara zao, kwa hiyo hatuwezi kuyabeba matokeo hayo mazimamazima hadi darasa la mwaka wa pili. Hata hivyo yanatosha kututia wasiwasi tunapoona mtaala uliojaa vipengele vya andiko kuanzia wiki ya kwanza hadi ya mwisho.

Nchi hii ilishawahi kupita karibu na hapa. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shamba la shule liwe darasa: wanafunzi washiriki kuamua nini kilimwe, watunze kumbukumbu, waone mapato yalivyotumika. Katika shule nyingi likabaki jembe peke yake, likawa adhabu ya wachelewaji, na mavuno yakaenda ambako mwanafunzi hakuulizwa. Wanaosema mtaala mzuri unajitosheleza wakumbuke shamba lile. Kilichokufa pale ni daftari la mahesabu mikononi mwa mwanafunzi, na cheti hiki nacho kitakufa hivyohivyo endapo fedha za majaribio zitashikwa na ofisi na kijana akabaki kusaini fomu.

Kuna kilio kingine ambacho hatutakikwepa. Wahitimu wetu wamechoka kuambiwa "jiajirini". Neno hilo limekuwa mlango wa kumtolea nje mtu aliyekuja kuulizia kazi, na deni la Bodi ya Mikopo linamsubiri hukohuko nje. Mtaji nao hauna uhakika. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, baada ya ripoti za mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, CAG, kufichua vikundi hewa, ikarejeshwa 2024. Kwa hiyo tuseme wazi: cheti hakizalishi ajira ambazo serikali na sekta binafsi hazijazizalisha, na chuo kitakachokitangaza hivyo kitakuwa kinawadanganya vijana. Muuguzi mwenye cheti hiki anaweza kuajiriwa maisha yake yote na bado akawa ndiye aliyepunguza foleni ya kliniki ya wajawazito kwa kupanga upya namba na viti. Huo ni ubunifu, na sioni kwa nini usipewe alama.

Alama ndizo zinazoamua mwanafunzi ataitumiaje wiki yake. Kwa hiyo nusu ya alama za cheti itoke nje ya ukumbi wa mtihani: daftari la mauzo, orodha ya walioulizwa, sababu za waliokataa, kilichobadilishwa baada ya kukataliwa. Binti aliyefunga biashara yake ya mbogamboga kavu mwezi wa tatu, akionyesha ni wapi gharama ya vifungashio ilimmaliza, astahili A kuliko mwenye jedwali linalopanda miaka mitatu hewani. Hapa tutagongana na kanuni, kwa kuwa mhadhiri anatakiwa awe na walau shahada ya uzamili, na mama aliyeleta vitenge Kariakoo kutoka Guangzhou miaka mingi, akajua ni rangi ipi itadoda kabla kontena halijafunguliwa, hana. Hatuombi aajiriwe kuwa mhadhiri. Tunaomba, kuanzia mwaka huu wa masomo, chuo chochote kinachofundisha somo hili kimweke mfanyabiashara mmoja kwenye meza ya watahini, alipwe kama mtahini wa nje, na alama yake ihesabiwe sawa na za wengine.