Mtoto wa Mgeni

Hizi ni habari za Arif Virani, aliyezaliwa Kampala, Uganda, mwaka 1971, katika jamaa ya asili ya Kihindi. Agosti 1972 Rais Idi Amin aliwaamuru Waasia watoke nchini katika muda wa siku 90. Wengi waliacha nyumba na maduka, wakaenda na mizigo michache tu. Kanada ikapokea zaidi ya watu 6,000, na mtoto huyo miongoni mwao, asiyetimiza bado mwaka mmoja.

Huko akasomeshwa, akajifunza sheria katika Chuo Kikuu cha Toronto, akawa wakili. Tena akafanya kazi upande wa mashtaka katika mahakama ya Umoja wa Mataifa, iliyokaa Arusha kuwahukumu wakuu wa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994. Hivyo aliyefukuzwa akiwa mchanga kwa ajili ya asili yake, alikuja kuwatetea waliouawa kwa ajili ya asili yao. Mwaka 2015 alichaguliwa mbunge wa Toronto. Na tangu Julai 2023 hata Machi 2025 alikuwa Waziri wa Sheria wa Kanada.

Virani ni Mwislamu wa Ismailia, si wa Kanisa letu. Lakini habari yake yatuhusu. Mara nyingi vita vimewatoa watu wa Kabambare vijijini mwao, nao hukimbilia kwa ndugu na kwa wasio ndugu. Siku ya kwanza twawapa ugali na sombe kwa furaha. Mwezi wa tatu twaanza kunung'unika kwamba mihogo yetu inakwisha. Nasi walimu tukiri kosa letu: mtoto wa mkimbizi huketi nyuma, hana daftari, na pengine hatujui hata jina lake.

Hatusemi kwamba kila mtoto wa namna hiyo atakuwa waziri. Wala tusimpokee mgeni kama mtu apandaye muhogo akihesabu mavuno. Mtoto Yesu naye alikimbizwa usiku mpaka Misri, na mtu wa huko aliyempa mamaye maji hakujua amempa nani.

Enyi wazazi, jioni ya leo mwulizeni mtoto wenu: yule mgeni aliyekuja darasani mwenu, jina lake nani?